Kompyuta ya Mezani na Nyimbo Nane

Uvumi ulimkuta mama mmoja mshonaji ana pini mdomoni, anakunja pindo la sketi ya jirani yake, kwa hiyo hakuweza hata kuuliza mara mbili. Jirani mwenyewe mtaa mzima ulimwita Redio, maana hazimwi wala hapunguzwi sauti.

"Yule bibi harusi wa ghorofa ya pili," Redio akasema, "mwaka wa sita huu, hata dalili hana. Unajua ni nini? Laptopu! Kaipakata mapajani tangu yuko chuoni, moto wake ukamkausha kizazi. Daktari ndiye kasema."

"Mmh," mama akajibu kupitia pini.

Daktari gani, hakuuliza. Pini zilipotoka mdomoni, neno lilikuwa limeshaingia moyoni, na la moyoni halitolewi kwa mkasi.

Ungesema ni ujinga, na yeye mwenyewe alijiambia hivyo. Lakini mama huyu aliharibikiwa na mimba tatu kabla ya kumpata binti yake mmoja, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akipika, laptopu. Akifua, laptopu. Na binti mwenyewe, miaka ishirini na minne, hajaolewa, siku hizohizo ndiyo alikuwa anatafuta kompyuta ya kurekodia muziki.

Kurekodi huko hakukuwa mchezo. Dada mkubwa wa mama, ambaye watu walimwita Zumari kwa sababu ya sauti yake, aliimba kwenye harusi za watu miaka thelathini. Nyimbo za harusini kila mtu alizijua. Lakini alikuwa na nyingine kumi na moja alizozitunga mwenyewe akiwa anapiga pasi, nazo hazikuwa za kuchezwa harusini, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwomba aziimbe. Zilikaa kichwani mwake tu. Sasa daktari alikuwa ameona uvimbe kooni, akasema baada ya wiki sita watampasua na kuuondoa pamoja na kile kiungo kinachotoa sauti. Ataishi, Mungu akipenda. Ila kuimba basi, na hata kumwita mtu jina lake, basi.

"Wiki sita, nyimbo kumi na moja," binti akasema. "Zinatosha, mama mkubwa. Nikipata mashine tu tunaanza."

"Harakisha basi," Zumari akamwambia, "kabla koo halijafunga duka."

Dukani, fundi wa kompyuta aliwawekea mbili mbele yao. Moja laptopu, nyembamba kama sinia. Nyingine ya mezani: kasha refu lenye feni ndani, skrini yake, kibodi yake, na nyaya kama utumbo.

"Kwa bei ileile," fundi akasema, "hii ya mezani ina nguvu zaidi. Nyimbo nyingi haziielemei, na kitu kikiharibika nafungua nabadilisha. Laptopu inapata joto, lakini ina betri na inakwenda popote. Kwa muziki mimi huuliza swali moja tu: mnayemrekodi ataifuata mashine, au mashine itamfuata yeye?"

"Itamfuata," binti akajibu papo hapo. "Ni mgonjwa."

Lakini mama alikuwa ameshabaki nyuma, kwenye lile neno "joto". "Tunachukua ya mezani," akasema.

"Mama, si umesikia?"

"Nimesikia. Laptopu zinaibiwa. Zinaanguka. Dada yangu anakaa mtaa wa tatu tu, miguu anayo, atakuja."

"Leo anatembea. Kesho je?"

"Usimletee dada yangu uchuro!"

Fundi akainamia droo yake kana kwamba kuna kitu anatafuta. Fedha zilikuwa za mama, na binti alikuwa na adabu, akaanza kukusanya nyaya. Mama naye angeweza kusema lililokuwa likimla. Lakini neno kizazi, mbele ya mwanamume, juu ya kaunta? Na walipofika nyumbani, wawili peke yao, akaona aibu vilevile.

Mwanzoni ilionekana mama ndiye mwenye akili. Binti aliegemeza magodoro mawili ukutani, kasha akalisogeza mpaka koridoni kadiri waya ulivyoruhusu, kwa sababu feni yake ilinguruma na maiki ilikuwa na sikio kali. Zumari akakaa kwenye kiti cha kushonea, skafu shingoni, akaimba. Wimbo wa kwanza waliurudia siku tatu, kwa kuwa koo lilimpa nusu saa tu kwa siku njema, na siku njema hazikuwa nyingi. Wa pili ukachukua wiki nzima. Mama alizima cherehani, akakaa mikono mapajani asitoe hata mchakacho.

"Unaona?" akamnong'oneza binti wakati dada yake anafunga viatu. "Si amekuja?"

Wiki ya tatu Zumari aliishiwa pumzi akipanda ngazi za kuja kurekodi, akakalishwa chini, akapelekwa hospitali. Uvimbe ulikuwa umekua. Daktari akasema hawawezi kungoja: Ijumaa asubuhi. Hayo aliyasema Jumatano.

Binti alimpigia kila aliyemjua mwenye laptopu. Mmoja alikuwa safarini. Wa pili, yake ilikuwa kwa fundi. Wa tatu hakupokea. Alhamisi mchana, saa ya kuona wagonjwa ilipokaribia, mama akasimama, akavua subana ya kushonea kidoleni, akasema, "Tunaibeba hiyohiyo."

Binti akalikumbatia kasha kifuani. Mama akafunga skrini kwa shuka, nyaya na kibodi akavitia kwenye ndoo.

"Karibuni," mlinzi wa getini akasema. "Kabati nalo liko njiani?"

Wodi ilikuwa na vitanda vinane na soketi moja inayofanya kazi, nayo ilikuwa ya mashine ya hewa ya bibi wa kitanda cha pembeni.

"Dakika ishirini tu, sista," mama akaomba.

"Nimchomoe bibi huyu dakika ishirini?" muuguzi akauliza, wala si kwa ukali. Alitazama ndoo, akatazama shuka, akateremsha sauti. "Mama, mngekuja na ile ya betri, mimi hata nisingewaona."

Binti hakumtazama mama yake. Afadhali angemtazama.

Zumari alicheka mpaka akakohoa. "Mdogo wangu, umehamisha nyumba, umesahau umeme." Sauti yake ilikuwa imeshaingia mchanga.

"Tutatumia simu," binti akasema.

Zumari akaimba wimbo wa tatu, simu karibu na midomo. Toroli la chakula likapita. Mtu akakohoa, mwingine akaita muuguzi. Mashine ya bibi ikawa inasema sss, sss, kama mtu anayemwambia mwimbaji anyamaze. Kwenye ubeti wa tatu koo likakataa. Zumari akafunika simu kwa kiganja, akatikisa kichwa.

Zilibaki nyimbo nane, hazijaguswa hata moja.

Upasuaji ulikwenda salama. Watu walikuja na hongera zao, Redio akiwa wa kwanza, na mama akazipokea kwa meno tu.

Mwezi uliofuata Zumari alikuwa nyumbani kwa mdogo wake, kitambaa chepesi shingoni pale alipotobolewa tundu la kupumulia, daftari mapajani. Aliandika maneno ya wimbo wa nne, beti zote, mwandiko safi, akampa binti. Binti akajaribu kuupa sauti. Zumari akatikisa kichwa. Binti akajaribu tena, juu zaidi. Hapana. Zumari akainua mkono, akaupandisha, akaushusha polepole, akaukatisha ghafla. Binti akaufuata mkono kwa sauti. Hapana, hapana. Basi Zumari akafungua mdomo kabisa, kwa mazoea ya miaka thelathini, na pumzi ikatokea shingoni, ikatikisa kitambaa. Akapiga meza kwa kiganja. Akalia, na kilio nacho hakikusikika.

Mama alikuwa mlangoni na gauni la mtu mkononi.

"Ni mimi," akasema. Akayamwaga yote: sketi, pini, Redio, yule bibi harusi, moto, kizazi. "Nilikuogopea wewe. Wezi niliwasingizia."

Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "si ningeiweka mezani?"

Mama akaitazama meza ya cherehani. Miaka ishirini alikuwa akishonea juu ya meza, na wiki zote zile za hofu hakuwahi hata mara moja kuifikiria.

"Ungeniambia tu. Ningekucheka kidogo, ningeiweka mezani, yakaisha. Tungekwenda nayo."

Zumari aliandika kitu, akakitazama, akakikwaruza mpaka karatasi ikatoboka. Halafu akageuza ukurasa, akaanza maneno ya wimbo wa tano.

Basi, mama mwenzangu unayetaka kumnunulia mtoto mashine ya muziki, ya kuepuka ni haya:

Usichague kompyuta kabla hujajua mwenye sauti yuko wapi, na mwezi ujao atakuwa wapi.

Usinunue ya mezani kama huna chumba chake, umeme wake, na mtu mwenye nguvu za kuja. Ukiwa navyo vyote, ni mashine nzuri.

Usimpandishe mgonjwa ngazi kwa ajili ya mashine.

Usipakate laptopu ikiwa ya moto. Iweke mezani.

Usipokee maneno ya daktari kutoka kwa asiye daktari bila kuuliza ni daktari gani.

Usimpe mtoto sababu ya uongo kwa kuona haya ile ya kweli. Atajibu ulichomwambia, si kile kinachokusumbua.

Usiache nyimbo kichwani mwa mtu mmoja, hata akiwa mzima.

Usiende wodini na kitu cha kuchomeka kabla hujauliza soketi.