Maji Yenye Harufu ya Mchaichai

Mama Mchaichai, kama mtaa mzima ulivyomwita, hakuwa mtu wa kupayuka, lakini asubuhi ile hata jirani wa nyumba ya tatu alimsikia. Alikuwa ametoka wodini, alikomwacha bintiye mwenye mimba ya miezi saba akitetemeka kwa malaria. Binti huyo hakupitisha jioni hata moja bila kujipulizia dawa ya mbu ya mama yake. Chupa aliyokuwa akiitumia, mama alirudi nayo, akaibwaga mezani mbele ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyemwachia kazi ya kuchanganya dawa yeye alipokwenda shambani kukata majani.

"Ulichanganya nini humu?"

"Kama siku zote, shem. Mafuta ya mchaichai..."

"Na spiriti ya kuyeyushia mafuta?"

Shemeji akajikuna shingo. "Spiriti iliisha, nikatia maji. Lakini nilitikisa sana! Nusa mwenyewe, inanukia mpaka barabarani."

Kunusa! Anachemsha magunia mawili ya majani kwenye pipa, macho yamemwiva kwa moshi, apate kikombe kimoja tu cha mafuta, halafu mtu mzima na ndevu zake anapima dawa kwa pua. Hasira zilimpanda. Akaiinua chupa dirishani.

"Mafuta yako wapi?"

"Si hayo, yanaelea juu."

"Na kimrija cha kupulizia kinavuta wapi?"

Shemeji alikifuata kimrija kwa macho mpaka kilipogusa kitako cha chupa, kwenye maji matupu. Akanywea.

"Mwanangu amejipulizia maji, wewe! Kila jioni, maji! Nawe unaniambia inanukia!"

"Nisamehe, shem. Sikujua."

"Si ungeuliza! Ulimi ulikuwa likizo?"

Simu ikalia. Alikuwa binti. Mama akazimeza hasira zake, akaitika kwa upole.

"Homa imeshuka kidogo, mama, na mtoto anacheza. Ila mbu wa huku wana njaa! Nimewasifia wenzangu wodini dawa yako. Njoo na chupa sita jioni."

Mama alizitazama chupa arobaini za mchanganyiko uleule zilizopangwa rafuni. Lebo zote alizibandika mwenyewe wiki tatu zilizopita, moja moja, wala hakujaribu hata chupa moja.

"Mama? Unanisikia?"