Futi Elfu Kumi

Tangu waondoke Helsinki, Kapteni Tapani Kuusela hakutulia. Alirudisha kiti nyuma, akakivuta mbele, akalegeza tai, akaikaza tena. Mara tatu aliuliza hali ya hewa ya Vienna, na mara zote tatu jibu lilikuwa jua.

"Mzee, leo umekalia misumari?" akauliza Riikka Hautala, rubani msaidizi wake, huku akimsogezea kiboksi cha pipi nyeusi za chumvi. "Kula. Matokeo yanatoka saa sita. Nimemwambia Jarkko wa ofisi ya ratiba atutumie humu humu."

Tapani alichukua pipi moja, akaimumunya bila kuisikia ladha.

Siku hiyo chama cha marubani kilikuwa kinahesabu kura za mkataba mpya wa mishahara. Na mkataba wenyewe, jamani, ulikuwa na hila ya wazi kabisa. Wakongwe wangebaki na mishahara yao kamili. Vijana wangekatwa robo, tena walipwe saa za angani tu. Ukikaa uwanjani saa nzima ukisubiri mabawa yatolewe barafu, umekaa bure.

Riikka alikuwa na miaka minne kazini, kwa hiyo shoka lilikuwa linamwangukia yeye. Lakini kwa Tapani hakuwa na wasiwasi hata chembe. Nani angekuwa nao? Huyu ndiye aliyesimama getini siku tisa za mgomo, mwezi wa Februari, masharubu yameganda. Wiki ya kwanza ya Riikka kazini, huyu ndiye aliyemletea fomu ya chama pamoja na andazi la iliki, akamwambia, "Jaza kwanza, ndipo ule."

Na huyu huyu, Jumanne iliyopita, peke yake jikoni kwake, alipiga kura kwa simu, akabonyeza NDIYO.

Aliogopa, basi. Alibakiza miezi kumi na minne astaafu, na shirika lilikuwa limetishia kwamba mkataba ukikataliwa, safari zitapewa kampuni ya nje. Akajiambia vijana wana muda mrefu mbele yao. Akajiambia pia kwamba wenzake watapiga HAPANA, kwa hiyo kura yake haitamdhuru mtu. Loo, binadamu tunavyojua kujibembeleza!

Walikuwa wameanza kushuka kuelekea Vienna kimashine cha ujumbe kilipotema karatasi. Riikka aliinyofoa, akaisoma.

"Umepita," akasema. "Ndiyo mia mbili kumi na nne. Hapana mia mbili kumi na tatu."

Tapani akaikaza tai yake tena.

"Kura moja!" Riikka akapiga paja. "Mtu mmoja tu angebadili mawazo! Sasa ni nani huyo, mzee? Maana wewe ulipiga hapana, siyo?"

Tapani alitazama kipimo cha kimo. Hakuwahi kufurahia namba kiasi kile.

"Futi elfu kumi," akasema.

Riikka akafunga mdomo hapo hapo. Sheria ya marubani ni hiyo: chini ya futi elfu kumi hakuna soga, ni maneno ya kazi tu. Magurudumu. Yametoka. Mabawa. Tayari. Riikka ndiye aliyetua, na alitua vizuri ajabu, mpaka abiria wakapiga makofi kule nyuma. Tapani muda wote huo alikuwa anaunga uongo wake kichwani, na ulikuwa umekamilika.

Injini zikazimwa. Abiria wakaanza kushuka.

"Ningemjua," Riikka akasema taratibu, anakunja karatasi, "nisingemtukana. Ningemuuliza tu kwa nini."

Tapani akauacha ule uongo wake.

"Ni mimi," akasema.

Riikka alicheka. Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikakatika.

"Unanitania."

"Niliogopa, Riikka. Nilidhani wengine..."

"Wengine!" Alimkatiza, macho yamemjaa machozi na hasira. "Zile siku tisa kwenye theluji, ulikuwa unampigania nani?"

"Sisi. Sisi sote."

"Na mimi ni nani?"

Riikka hakungoja jibu. Alivaa koti la kazi, akaenda kuikagua ndege kwa nje, na aliizunguka mara mbili.

Tena walikuwa na safari ya kurudi, saa mbili na nusu, mabega yakikaribia kugusana. Wakaondoka. Riikka alisoma orodha zote kwa sauti safi, neno kwa neno, hakuruka hata moja. Kiboksi cha pipi kilibaki mfukoni mwake.

Ndege ikapanda. Elfu nane. Elfu tisa. Tapani alikaa ameshika magoti, anasubiri namba ile inayorudisha soga. Amtukane, sawa. Ampigie kelele, heri. Alitaka aseme chochote.

"Tumevuka futi elfu kumi," akamwambia. Sauti yake ilikuwa ya kuomba.

Riikka alitazama vipimo, kimoja baada ya kingine.

"Nimesikia, kapteni," akajibu, na mpaka Helsinki hakusema neno lisilo la kazi.