Mashu Ndani ya Kayaki

Kayaki ilikuwa na urefu wa mita tano na nusu. Jeep ya dereva Papa Cirhuza, ambayo ingeibeba, haikufikia mita nne na nusu. Chama cha wapiga kasia cha Nguba hakikuwa na nyingine iliyofaa mashindano, nacho kilikuwa kimemwazimisha Nsimire hiyo moja kwa ajili ya mbio za Jumapili huko Minova. Ikipasuka njiani, asingeshindana.

Asubuhi ya Jumamosi Nsimire alivika vyuma viwili vya juu ya gari vipande vya godoro. Akaomba kayaki ilazwe kifudifudi, tundu la kukalia likitazama chini, ifungwe mikanda miwili katikati, na kila ncha ishikwe kwa kamba hadi kwenye bampa; akaeleza na sababu. Cirhuza alicheka, akiitazama mikanda hiyo kwa huruma.

"Maman, nabebaka ma-armoire, kabati nzima, na hii mipira ya velo. Hata moya haiyaanguka."

Akailaza tundu likiwa juu, akaifunga kwa vipande viwili vya mpira vilivyokatwa kutoka tairi za ndani za baiskeli. Gari lilikuwa lake, Nsimire akakunja mikanda yake.

Kavumu walisimama, Nsimire akamwacha Cirhuza garini, akaenda kununua madumu mawili ya maji. Waliporudi barabarani, mashimo yakaanza, na ncha ya mbele ikasogea taratibu mbele ya kioo, ikielekea kushoto.

"Papa, simama."

Nsimire alipanda juu ya gurudumu. Tundu la kayaki lilikuwa limejaa kabichi, na chini ya kabichi palikuwa na nusu gunia la makaa. Tumbo la kayaki lilikuwa limebonyea juu ya chuma cha mbele, bonde la kuenea kiganja.

"Ni mashu na makala ya shemeji wa Minova," Cirhuza alisema. "Nafasi ilikuwa ya bule. Na chombo ya mayi inashindwa mashu?"

"Mu mayi, ziwa inaibeba fasi yote. Hapa ni hii vyuma mbili tu njo inaibeba."

Cirhuza aliinama, akatazama chuma, akatazama bonde.

"Haukunielezea vile kule Nguba."

"Nilieleza. Ulikuwa unacheka."

Walipakua kila kitu, wakaiteremsha kayaki na kuiweka ncha zake juu ya magunia mawili yaliyokuwa garini, kando ya barabara. Nsimire aliingiza mkono ndani, akasukuma. Plastiki ikarudi mahali pake kwa mlio mkavu. Mlio huo haukumwambia kama kuna ufa. Akamwaga ndani yale madumu mawili ya maji, akapiga magoti, akatazama vumbi lililokuwa chini. Cirhuza naye akapiga magoti upande wa pili. Walingoja dakika kumi.

Vumbi lilibaki kavu.

"Utapiga mbio," Cirhuza alisema, akijifuta magoti.

"Kama inafika."

Walimwaga maji, wakaigeuza kifudifudi, wakaipandisha tena juu ya vyuma na kuifunga kwa mikanda ya Nsimire. Safari hii Cirhuza mwenyewe ndiye aliyefunga kamba za bampa, kisha akashika ncha ya kayaki na kuitikisa kwa nguvu. Jeep nzima ikayumba pamoja nayo.

"Na mashu?" Nsimire aliuliza.

"Itaikala nyuma. Makala njo utaipakata."