Nakala Safi

"Mkono wa kushoto," alisema Mama Daftari bila kuinua kichwa. "Kikombe kilikuwa mkono wa kushoto, na chai ilikuwa nusu."

Mwigizaji akahamisha kikombe, na mtu wa vifaa akaja kuipunguza chai. Kazi ya Mama Daftari ndiyo hiyo, mwaka wa kumi na mmoja sasa: kukumbuka kifungo kipi kilikuwa wazi na nywele zililalia upande gani, ili picha ya jana iungane na ya leo na mtazamaji asigundue kitu. Tena aliandika saa. Saa ya kuwasha kamera, saa ya chakula, saa ya kufunga kazi, saa ambayo dereva ameegesha gari. Aliandika mara mbili. Kwanza kwa penseli, kwenye daftari lake, kama mambo yalivyokwenda. Kisha kwa kalamu, kwenye karatasi za ofisi, kama bosi anavyopenda yaonekane. Hiyo ya pili waliiita nakala safi. Kila kampuni aliyowahi kuifanyia kazi ilikuwa na nakala safi, na hakuna aliyeionea haya.

Asubuhi hii lakini kikombe hakikumshughulisha. Kilichomchoma kilikuwa kimesimama mlangoni, kimevaa kizibao cha njano kilichoandikwa mgongoni AFISA WA VIWANGO. Ndani ya kizibao alikuwemo binti wa miaka ishirini na sita ambaye juzijuzi tu alikuwa akimbebea Mama Daftari mkoba. Nani alimfundisha kusoma ratiba? Nani alimfundisha kukaa kimya kamera ikiwaka? Shukrani ya punda, jamani, mateke!

Na hapo ndipo palipouma zaidi: cheo kile kilikuwa chake. Wafadhili wa tamthilia walipodai awepo mtu wa kusimamia viwango, saa za kazi, mapumziko, usalama na heshima kazini, bosi alimwambia yeye ajiandae kwenda kozi ya wiki mbili. Akafua hadi nguo za safari. Siku mbili kabla, bosi akamgeuzia kibao, tena kwa sifa: "Wewe ukiondoka hapa nani atajua kikombe kiko mkono gani? Wewe ni uti wa mgongo." Basi uti wa mgongo ukabaki kwenye kigoda, binti akaenda, akarudi na cheti. Ameula.

"Dada, umekunywa chai?" binti alimuuliza akipita.

"Nimekunywa," alijibu, na alikuwa hajanywa.

Leo binti alikuwa ameanza siku kwa kishindo. Saa moja asubuhi dereva alitakiwa kwenda kumchukua mwigizaji mkuu, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi. Binti akamuuliza amelala kiasi gani. Dereva akasema saa mbili na nusu. Viwango vinasema kumi na moja, na asiyepumzika haendeshi. Binti akanyoosha mkono, akachukua ufunguo. Bosi akafura, lakini mkaguzi wa wafadhili alikuwa njiani, kwa hiyo akameza hasira yake na wakaanza kupiga picha za vipande vidogovidogo visivyomhitaji mwigizaji mkuu.

Dereva huyo alikuwa mume wa Mama Daftari.

Alikuja kumwona mkewe akiwa na alama za mkeka shavuni, baada ya kujilaza kidogo chumba cha mavazi. "Yule binti ana utu," alisema huku akicheka. "Ameniambia, 'Kaka, kalale.' Mwaka huu hakuna mtu aliyeniambia kalale."

"Na mimi je? Sijakuambia?"

"Wewe uliniamsha, mama watoto."

Ni kweli, alimwamsha, saa tisa na nusu usiku. Tena jana njia nzima alikaa naye kiti cha mbele, akimfinya paja asisinzie, mpaka wakafika nyumbani saa saba. Hayo hayahesabiki? Anayefinywa na mkewe miaka yote haoni kitu, anayeambiwa kalale mara moja na kizibao cha njano anatoa meno yote nje. Mama Daftari akauma penseli kwa hasira.

Baadaye kidogo binti akaja kuchuchumaa kando ya kigoda.

"Dada, naomba uniazime daftari lako la penseli. Bosi ameandika kwenye ripoti kwamba jana tulifunga saa kumi jioni. Tulifunga saa nne usiku. Mkaguzi akija nitamwambia, lakini neno langu peke yangu halitatosha."

"Nimesikia."

"Utanipa?"

"Si nimesema nimesikia?"

Binti akaridhika na jibu hilo. Alimwamini, na kuaminiwa kule kukazidi kumuudhi.

Mkaguzi alifika saa tatu, mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Ghafla kukawa na maji ya kunywa, viti vya kutosha, na kizimamoto ambacho bosi alikitoa kwenye gari lake mwenyewe. Mkaguzi alikagua nyaya, akapanda ngazi ya taa, akaridhika na yote. Kisha akaweka mkono begani kwa binti, akasema wangekuwa na watu kama yeye kila kampuni, wafadhili wangelala usingizi. Anafaa hata kupewa mkoa mzima.

Mama Daftari akashikwa na kijiba cha roho. Mkoa mzima!

"Ahsante, mama," binti alisema. "Ila kuna jambo. Jana tulifanya kazi saa kumi na sita. Dereva amelala kwa saa mbili na nusu tu. Ripoti uliyopewa si kweli."

Bosi hakupandisha sauti. "Kijana bado anajifunza," alisema. "Tuna mtu anayeandika saa zote. Twende kwake."

Wakaja watatu, wakasimama mbele ya kigoda. Mkobani vilikuwemo vyote viwili, daftari na nakala safi. Binti alikuwa karibu kutabasamu. Dereva alisimama nyuma yao, anafikicha macho.

Ukweli ni kwamba Mama Daftari hakuogopa kupoteza kazi yake. Baadaye alijaribu kujidanganya kwamba aliogopa, ikashindikana. Aliona tu lile bega lililoshikwa, na mkono wake ukatoka na nakala safi.

Mkaguzi akasoma polepole. "Kazi imefungwa saa kumi jioni. Dereva ameegesha saa kumi na moja, ameondoka saa kumi alfajiri. Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Dada?" alisema binti. Neno moja tu.

Saa nne ilipofika unga wa binti ulikuwa ushamwagika. Mkaguzi alisikitika, akasema kutoa taarifa za uongo ni kuvunja viwango vilevile, ukurasa wa tatu. Bosi akampendekeza palepale Mama Daftari, mtu mzima, mwenye uzoefu, asiye na papara. Kozi angekwenda baadaye. Mkaguzi akaafiki, akaandika. Na Mama Daftari alifurahi, tusimsingizie. Kwa muda wa kama dakika tano alifurahi hadi masikio yakapata moto.

Binti alipita na mkoba wake kuelekea getini. Hakumtukana.

"Mwambie kaka afungue madirisha," alisema. "Upepo unasaidia kidogo."

Bosi alikuja na ufunguo wa gari na fomu ya safari. Dereva haondoki bila sahihi ya afisa. Kiwango ndivyo kinavyotaka. Mwigizaji mkuu amesubiri vya kutosha. Pale mezani mkaguzi alikuwa akinywa maji, nakala safi iko mbele yake, imefunguliwa.

Mumewe akasogea. Macho mekundu, kope nzito. Alimwinamia karibu, na safari hii hakuwa akitania.

"Nimelala kwa muda wa saa ngapi, mama watoto?"

Alijua. Alimvua viatu yeye mwenyewe, mtu keshalala. Angeweza kusema. Lakini angesema vipi, na sahihi yake iko pale mezani, wino haujamaliza siku?

"Kumi na moja," akasema, akatia sahihi.

Mumewe alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyemwuliza njia.

"Haya," akasema. "Basi nimelala." Akachukua ufunguo, akaenda kuwasha gari.