Paa la Kioo, Betri Ndogo

Kila asubuhi Pabitra alipanda juu ya paa na jagi la shaba, akaumwagilia mrihani mtakatifu, akalimiminia jua maji yaliyobaki, kisha akasimama kidogo kutazama mashariki. Akisimama hivyo huliona bati la buluu la nyumba ya mama yake kwenye mgongo wa mlima wa mbali, na siku zisizo na ukungu humwona mama mwenyewe akianika mahindi uani. Hakukaa sana. Chini kulikuwa na chai ya mama mkwe, na mama mkwe hakupenda kungoja chai.

Asubuhi moja, baada tu ya sikukuu ya Teej, maji yalimwagika nje ya chungu cha mrihani, kwa sababu bati halikuwapo. Mlima ulikuwa pale pale. Juu yake palibaki doa la udongo mwekundu, kama pengo la jino.

Akashuka, akachemsha chai.

"Mama amehama tena," alisema, akimpa mama mkwe kikombe kwa mikono miwili.

Bi Tulasa alipuliza chai. "Mbali?"

"Sijamwona. Nadhani yuko nyuma ya ule mlima."

"Nyuma ya ule mlima kuna mwingine," alisema Bi Tulasa, wala si kwa ubaya. "Wa kwangu alikwenda kwa pupa zaidi. Nilipomzaa Hemraj, mama alikuwa ameshavuka mto Koshi. Sasa nasikia kwetu ni Sikkim, ng'ambo ya mpaka, au kulishapita huko. Mkwe, sukari umesahau."

Aarju, mtoto wa Pabitra, alikuwa akichovya biskuti kwenye maziwa. "Bibi, na nyumba yetu itahama nikiolewa?"

"Itahama. Kunywa maziwa yako."

Jambo lenyewe lilikuwa la kawaida. Mwanamke akiolewa, nyumba ya mama yake hubaki mahali pake maadamu anakwenda. Akiomba kwenda akaambiwa si mwaka huu, nyumba husogea. Husogea na banda, na ng'ombe, na mchungwa wa uani, na waliomo ndani hawahisi kitu. Idara ya ramani haikujishughulisha nalo, kwani ramani zingelazimika kuchapwa upya kila baada ya sikukuu. Wenye kaka walikuwa na nafuu. Siku ya Teej kaka huja kumchukua dada yake, na hakuna mkwe anayemfukuza kaka wa mtu mlangoni. Asiyechukuliwa haendi. Pabitra hakuwa na kaka, na baba yake alikwisha kufa. Wala mama hangeweza kuja yeye, kwa kuwa mzazi hanywi hata maji nyumbani alikoolewa binti yake.

Mchana mama alipiga simu. "Nimeamka nikakuta majirani ni wengine," alisema. "Watu wema, wameniletea maziwa. Ila zahanati sasa iko mabonde mawili nyuma." Akakohoa, na Pabitra akasubiri kikohozi kiishe, nacho hakikuwa na haraka. "Sikukuu hii ya Dashain njoo, mwanangu. Nataka nikupake tika ya baraka pajini kwa mkono wangu, kabla macho haya hayajafumba. Nimepanda shayiri ya jamara tayari, nikuchomeke majani yake sikioni."

"Nitakuja, mama."

"Kabla mwezi haujawa mpevu. Baraka ikishafungwa, imefungwa mpaka mwakani."

Hemraj, mume wake, alifanya kazi katika chama cha akiba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kesho. Jioni alipoambiwa kuhusu bati alisikitika kwa kweli, akaacha kula wali, akasema, "Basi Dashain tutakwenda. Tena kwa gari letu wenyewe. Ofisini wote wameshanunua magari ya umeme, nimebaki mimi na pikipiki kama mgonjwa."

Kwa hiyo walikwenda dukani Thapathali wote wanne. Muuzaji alikuwa kijana aitwaye Prabesh, mwenye tai fupi na sauti ya upole. Gari walilolitaka lilikuwa la aina moja, lakini lilikuja kwa madaraja.

"Kuna la chini, la kati na la juu," alisema Prabesh. "La chini lina betri kubwa, lakini viti ni vya kitambaa, na kiti unakivuta mwenyewe kwa mkono. La juu lina paa la kioo, viti vya ngozi vinavyopuliza baridi, spika kila kona. Lakini msimu huu la juu limekuja na betri ndogo tu."

"Na la kati?" aliuliza Hemraj.

"Limekwisha, kaka. La kati ndilo huisha kwanza. Watu wanaogopa kuchagua." Akamgeukia Pabitra. "Shemeji, kwenu ni wapi?"

"Kulikuwa Kavre. Sasa nadhani ni Ramechhap."

Prabesh alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa saizi ya kiatu. "Kunahama mara nyingi?"

"Kila nikikatazwa."

"Hajakatazwa," alisema Hemraj, akikuna sikio. "Tuliahirisha."

"Nyumba hazijui tofauti, kaka. Mteja ambaye kwao mke kunahama tunamshauri betri kubwa. Vituo vya chaji havihami, nyumba ndiyo inahama. Na mlima unakula chaji. Kilomita zilizoandikwa kwenye karatasi ni za tambarare, nasi tambarare tunaiona kwenye kalenda. Ukiteremka gari linajirudishia kidogo, lakini kwa shemeji, kama nilivyomwelewa, ni kupanda tu."

Bi Tulasa alikuwa ameshaingia kwenye gari la juu, jekundu, akaegemeza kichwa na kutazama kupitia kioo. "Hemraj! Mtu aliye ghorofani anamwona aliye humu?"

"Wazi kabisa, mama," alisema Prabesh, kwa kuwa naye alikuwa na kazi ya kulinda.

"Basi jirani yetu mama Basnet ataniona nikipita."

"Kila siku, mama. Hata asipotaka."

Bi Tulasa alicheka mpaka miwani ikateleza. Hemraj akakaa kwenye kiti cha dereva, kiti kikasogea chenyewe kumkaribisha, na uso wake ukawa wa mtoto. Kisha akakumbuka. "Mama Aarju, wewe unaonaje? Sema."

Pabitra alikuwa amesimama kando ya gari la chini, jeupe, lililowekwa kwenye kona karibu na choo. Alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti. Neno lilipanda mpaka kwenye meno. Mama mkwe alikuwa akimtazama kupitia dirisha, Prabesh alikuwa ameshika kalamu, Aarju alikuwa akibonyeza spika.

"Lolote mtakalolipenda," alisema.

Prabesh alimtazama kitambo, halafu akaenda akaufunga mlango wa gari jeupe taratibu, kama mlango wa chumba cha mgonjwa.

Jioni hiyo mama alipiga simu. Majirani walikuwa wamebadilika tena. Hawa wapya walikuwa na lafudhi asiyoielewa vizuri. Pabitra aliwaza jambo hilo akiosha vyombo, kwa maana siku hiyo hakukatazwa na mtu yeyote.

Dashain ilifika. Gari jekundu lilivishwa shada la maua ya manjano, mbuzi akachinjwa, magurudumu yakapakwa damu ili yasije yakaitafuta ya watu barabarani. Siku ya tika Bi Tulasa aliwapaka wote mchele uliochanganywa na rangi nyekundu kwenye paji la uso, akawachomeka majani ya jamara masikioni. Baada ya hapo ziliendelea ziara. Walikwenda kwa wajomba Kirtipur, kwa shangazi Bhaktapur, kwenye hekalu la mungu wa kike juu ya mlima, magharibi. Kila walipofika, gari liliegeshwa mahali pa kuonekana. Mama Basnet aliliona mara nyingi.

"Kesho kwetu?" aliuliza Pabitra kila jioni.

"Kesho," alisema Hemraj, na kila asubuhi mama alikuwa na majirani wengine.

Siku ya mwisho kabla ya mwezi mpevu waliondoka kukicha. Bi Tulasa alibaki na magoti yake. Aliweka nyuma ya gari chupa ya samli na kikapu cha mikate ya duara ya unga wa mchele, akasema, "Mpe mama yako. Mwambie ni yangu." Halafu, Pabitra alipokwisha kupanda, akaongeza dirishani, "Kama mtapita karibu na kwetu, tazameni kama mlango bado ni wa kijani."

Walipoteremka kuelekea mto Sunkoshi, kilomita kwenye skrini zilianza kuongezeka. "Unaona?" alisema Hemraj kwa furaha. "Linajijaza lenyewe! Yule kijana alitutisha bure." Kwenye kituo cha chaji kando ya mto palikuwa na foleni ndefu. Wanaume walikuwa wakila samaki wa kukaanga na kubishana kuhusu betri za wenzao. Karibu kila gari lilikuwa na mwanamke aliyesimama kando yake, akitazama juu milimani.

"Kwenu ni upi, dada?" mmoja alimuuliza Pabitra.

Pabitra alionyesha kwa kidevu. Watu hawaonyeshi kwa kidole, nyumba huweza kushtuka. Bati la buluu lilikuwa kwenye mlima wa pili, likimeta.

"Karibu! Una bahati. Na hilo jekundu ni zuri." Mwanamke alipigapiga gari lake jeupe ubavuni. "Sisi tumechukua la viti vya kitambaa. Makalio hayana usalama, nakwambia. Lakini mwaka jana nilifika. Nililala kwa mama usiku mzima, akanisuka nywele."

Pabitra alishika mkono wa mwanamke huyo, akauachia.

Hemraj aliona foleni ni ndefu, akatoa gari kabla betri haijajaa. "Inatosha," alisema. "Si pale tu?"

Walipanda. Katika kila kona bati lilionekana, na katika kila kona lilikuwa juu kidogo zaidi. Mzee aliyebeba mzigo wa majani mgongoni alisimama pembeni kuwapisha.

"Baba, nyumba ya bati la buluu?" aliuliza Hemraj.

"Imepita sasa hivi na ng'ombe wake. Mkikaza mtaikuta."

Walikaza. Kilomita zilipungua kwenye skrini haraka kuliko zilivyopungua barabarani. Hemraj alizima baridi ya viti, akazima redio, akazima spika za kila kona. Lami iliisha. Mwishoni nyumba ilikuwa juu yao kiasi kwamba madirishani haikuonekana tena. Ilionekana kupitia paa la kioo tu, yote nzima: bati, mchungwa, ng'ombe, na uani mama aliyeshika sinia. Aarju, amelala mapajani mwa Pabitra, ndiye aliyeiona wa kwanza.

"Bibi anatupungia."

Gari likasimama. Simu ikalia.

"Nawaona," alisema mama. "Hata kwa macho haya. Kitu chekundu. Tika nimeshaikoroga, jamara zimetoka ndefu, za manjano kabisa. Mbona mmesimama?"

Hemraj alikuwa ameinamia skrini. "Chaji ya kufika ipo," alisema, jasho likimtoka. "Ya kurudi haipo. Huko juu hata umeme sijui kama upo. Tukienda haturudi, Mama Aarju. Nina kazi. Mama yuko peke yake nyumbani. Tutakuja..." Alitafuta sikukuu iliyokuwa karibu. "Tutakuja Tihar. Tihar, au mwakani."

Aliposema hivyo nyumba ilisogea, taratibu, kama mtu anayejongea kwenye benchi kumpisha mwingine. Ukingo wa bati ukafika mwisho wa kioo.

"Msihangaike, baba," ilisema sauti ya mama kwenye simu. "Njia mbaya. Geuzeni kabla ya giza." Kisha kikohozi kikaanza.

Hemraj aligeuza gari pale pale, mara kadhaa mbele na nyuma, kwa uangalifu, kwa kuwa lilikuwa jipya. Wakaanza kuteremka. Kwenye skrini kilomita zikaongezeka moja moja. Juu ya vichwa vyao mwezi ulikuwa umeshatoka, mweupe mchana, karibu kamili. Pabitra alikuwa bado ameshika simu, na simu ilikuwa bado imefunguliwa, na ndani yake mama alikuwa bado akikohoa.

"Nilitaka lile jeupe," alisema.

Hemraj alimtazama kwa kioo cha nyuma. "Lipi?"

"Lile la kwenye kona. La viti vya kitambaa."

"Si ungesema!" alisema Hemraj, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. "Lakini hata lile lisingetosha, Mama Aarju. Kwa jinsi nyumba inavyokimbia? Kwenda na kurudi? Lisingetosha."

Pabitra aliisogeza simu karibu na mdomo, ili mama na Hemraj wote wasikie.

"Kurudi sikukuhesabu," alisema.