Batri Mgongoni mwa Gaju

Kule Kibabi ukungu ni mgeni asiyejua kuaga. Unashika boma alfajiri mpaka saa sita, na batri ya jua inataka jua, haitaki maelezo. Yenyewe ilikuwa kibamba chembamba kama kitabu cha sala: inakula jua, inalitunza tumboni, jioni unachomeka simu. Mama Uwamwezi aliianika uani wiki nzima, ikashinda na njaa. Ndipo akaifunga mgongoni mwa ng'ombe wake Gaju, maana Gaju alikula majani kilimani, juu kuliko ukungu. Watu wakacheka. Lakini simu ikajaa.

Simu hiyo ilikuwa ya jambo moja tu. Mumewe, Papa Bisengimana, alichimba madini Omate, huko Walikale, na shimo halina huruma. Kila Jumapili baada ya misa alipanda penye rezo, mtandao wa simu, akapiga. Uwamwezi akisikia, "Mama Gisubizo, ningali," alilala. Asiposikia, hakulala. Na jenereta ya sokoni, tegemeo la wote, ilikwisha kufa zamani.

Ikaja siku ya kumtolea mahari kijana wao Gisubizo, na Gaju ndiye aliyechaguliwa. Vijana wakamtandika kitenge apendeze, wakamwimbia, wakamswaga hadi Kingi kwa wakwe. Jioni mama akatafuta batri. Loo! Ilikuwa chini ya kitenge, na uzi wake wa simu.

"Nitaenda kuiomba," akasema Gisubizo.

"Uko na akili?" mama akamkatiza. "Kitu yenye imetoka na ngombe ya mahari, hata kama ni kamba, haiulizwake! Unataka bibi ao unataka batri?"

Gisubizo alitaka bibi.

Jumapili iliyofuata simu ilikuwa jiwe. Uwamwezi alishinda ameishika, akiogopa, wala hakujificha kwamba anaogopa. Jumapili nyingine akashika njia ya Kingi mapema. Aliyetoa ng'ombe anaruhusiwa kwenda kumsalimia. Hilo halina aibu hata kidogo.

Brigitte, mama wa bibi harusi, akamkaribisha.

"Nimekuja kusalimia Gaju," akasema Uwamwezi. Simu ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kitenge chake, naye hakuitaja.

"Salimia kwanza, Mama. Maziwa itakungojea."

Gaju alikuwa amefungwa penye jua, si penye majani mengi. Kitenge kilikuwa kimeondolewa, batri imepanguswa vumbi, uzi wa simu unaning'inia ubavuni. Kando yake mtu alikuwa ameweka kigoda.

Uwamwezi akakaa, akachomeka simu, akangoja. Ikalia.

"Mama Gisubizo, ningali. Juma ile sikukupata, roho ilinitoka! Uko wapi?"

"Niko kwa bakwe. Nasalimia ngombe."

"Iko namna gani?"

Uwamwezi alikuwa analia, shavu limelala ubavuni mwa Gaju.

"Iko muzima," akasema. "Muko bazima wote."