Bahasha Namba Themanini na Nane

Usiku wa jana niliota ninapanda ngazi iliyojengwa kwa makala zangu. Kila kipandio ni makala moja nene, imefungwa kwa kamba ya katani, na ubavuni imeandikwa: Dk. Restituta Ndyamukama na wenzake. Wenzake hawakuonekana popote. Sikushangaa, hata nikiwa macho huwa hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kupima kama dawa zinaponya kweli au tunajidanganya. Sisi tulio katika kazi hii tuna kitu tunachokiita ngazi ya ushahidi. Kisa cha mtu mmoja hukaa chini kabisa, utafiti wa watu wengi hukaa juu. Ngazi hiyo nimeipanda miaka ishirini na moja, na wengi nimewashusha njiani. Mtu akiniambia dawa yake inaponya, awe mganga au mkurugenzi, namuuliza swali moja tu: "Ushahidi uko wapi?" Wananichukia. Na wachukie.

Juu ya ngazi amesimama Profesa Kalugendo, mzee aliyenifundisha kazi, amefungwa bandeji machoni. Wajumbe tisa wa kamati yetu wamekaa nyuma yake, nao wamefungwa. Tuna kanuni kwamba mgonjwa asijue amepewa dawa gani, na daktari naye asijue, ili pasiwe na upendeleo. Ndotoni kanuni hiyo ilikuwa imefika mpaka kwa mama wa chai. Anamimina chai sakafuni, na wajumbe wanamshukuru kwa zamu.

"Restituta mwanangu, panda usaini," anasema Profesa. "Tumalize, watu wana safari."

Nilijua cha kusaini. Ni kitabu cha mwongozo wa matibabu. Kikishasainiwa, zahanati zote zitaacha kutibu vidonda vya miguu kwa bandeji ya kubana, zianze kupaka marhamu mpya. Ushahidi wa marhamu hiyo ni utafiti mmoja tu, nilioufanya mimi miaka kumi na tisa iliyopita, na ndio ulionipa jina. Hilo halikuwa la ndotoni peke yake. Kikao chenyewe kilikuwa kimepangwa leo asubuhi, saa tatu kamili.

Ninanyanyua mguu kukanyaga kipandio cha mwisho. Kitu kinakohoa mfukoni mwa koti langu.

"Dakta, unanikunja."

Ni bahasha ya kaki, namba themanini na nane. Katika utafiti ule nilikuwa na bahasha mia mbili na arobaini. Ndani ya kila moja mlikuwa na kikaratasi, kingine kimeandikwa marhamu, kingine bandeji. Mgonjwa akifika, nesi anachukua bahasha inayofuata, anafungua, na kilichomo ndicho anachopewa. Bahati iamue, binadamu asitie mkono.

"Wewe huruhusiwi kusema," nikaiambia. "Hujafunguliwa."

"Sijafunguliwa, ila nimeshasomwa."

"Ushahidi uko wapi?"

"Geuka nyuma."

Ninageuka. Ngazi haipo. Niko barazani kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja jina, maana hakina kosa. Jua ni la utosi. Sista Paskazia, nesi wetu wa utafiti, anaanika bahasha kwenye kamba ya nguo, kila moja na kibanio chake. Jua linapenya na maandishi ya ndani yanaonekana. Anasoma moja, anawatazama wagonjwa kwenye foleni, anachagua.

"Sista, unafanya nini?"

"Naisaidia dawa, Dakta," anasema bila kugeuka. "Dawa nzuri kama hii siwezi kuiacha iaibishwe na kidonda kibaya. Wenye vidonda vidogo nawapa marhamu. Vilivyooza vikafungwe bandeji huko."

"Kwa hiyo ndiyo maana ilishinda."

"Si ulifurahi wewe? Ulinipa na khanga."

Nilifurahi, sikatai. Na khanga nilitoa. Dirishani ninajiona mimi mwenyewe wa miaka ile, mwembamba, miwani imenizidi uso. Ninaitazama kamba ile. Ninaona kila kitu. Kisha ninainama na kuandika: "Bahasha zote zilikuwa nzito na hazikupitisha mwanga." Sentensi ikashuka kwenye karatasi, ikavaa viatu vyangu, ikaenda kuchapishwa. Nilitamani kumzaba kofi yule msichana, lakini kioo kilikuwa kimefungwa.

Kwenye foleni kulikuwa na mguu umesimama peke yake. Ni mguu wa kushoto, umevaa kandambili, umebandikwa kadi namba themanini na nane. Kwa kuwa ulikuwa umenizidi umri, niliuamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba," ukajibu mguu. "Wewe ndiwe uliyeandika kwamba nimepotea?"

Kwenye majedwali yetu, mgonjwa asiporudi kliniki tunamwandika "amepotea", na maisha yanaendelea.

"Ndiyo, ni mimi."

"Sikupotea. Nilikuwa hospitali ya wilaya, nakatwa. Nilikuja na kidonda kidogo kama ukucha. Yule sista akaiona bahasha yangu juani, akaiweka kando, akanipaka marhamu. Kidonda kikapanda mpaka hapa. Mwenyewe mzee Byera yule pale, muulize."

Baraza limekuwa ngazi tena. Kwenye kipandio cha chini kabisa, wanakokaa wenye visa vya mtu mmoja, amekaa mzee na magongo yake mawili, anakula karanga. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyechelewa msibani.

Nikaifungua bahasha. Ndani mlikuwa na neno moja: bandeji. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Restituta!" Profesa anashuka akipapasa ukuta. "Usimsikilize huyo. Ni kisa cha mtu mmoja! Huwezi kusema marhamu inadhuru kwa mguu mmoja. Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo."

"Na ulinifundisha vizuri," nikasema. "Mguu mmoja hauthibitishi kwamba marhamu inadhuru. Mimi nataka kuthibitisha kwamba nilidanganya. Kwa hilo, mtu mmoja anatosha."

Wajumbe tisa wakaguna. Mama wa chai akaacha kumimina.

"Binti, usitutie aibu," anasema Profesa, sauti imeshuka. "Bahasha ina gundi bado. Ilambe, ibandike, irudi kwenye hesabu yake. Nani atajua? Hapa hakuna anayeona."

Hilo lilikuwa kweli, wote walikuwa na bandeji machoni. Ninaileta bahasha mdomoni. Ninatoa ulimi. Gundi ni tamu kidogo, kama uji uliolala.

"Ulimi ni ule ule," inasema bahasha, bila hasira. "Ulisema sipitishi mwanga. Sasa nibandike nao."

Nikaivuta ghafla. Ukingo wake ukanichana ulimi.

"Silambi!" nikapiga kelele. "Silambi, sibandiki, wala sisaini! Fungueni macho, nyote! Mnaogopa nini?"

"Utashuka mpaka chini kabisa," anasema Profesa.

"Ndiko ninakokwenda."

Nikashuka. Makala zilikuwa zinakatika kamba chini ya miguu yangu, moja baada ya nyingine, miaka ishirini na moja, na nilikuwa ninalia huku ninakanyaga kwa nguvu. Nilipofika chini nilitaka kukaa karibu na mzee Byera.

"Sogea huko," akasema. "Usiukalie mguu."

Nikaamka. Saa kumi na mbili na nusu. Kemilembe, binti yangu, alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Nilipiga funda moja nikaruka kwa maumivu.

"Mama, hebu toa ulimi."

Nikautoa. Akausogelea, akakunja uso.

"Umechanika. Mchano mwembamba, kama wa karatasi. Ulikuwa unalamba nini?"

"Bahasha."

"Siku hizi nani analamba bahasha?"

Mdomoni mlikuwa bado na ladha ya gundi. Simu ikaita. Alikuwa Profesa Kalugendo.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Gari linakufuata saa mbili. Ni saini tu, hatukai sana."

"Nakuja, ila sisaini. Nakuja kuwaambia kwamba bahasha za utafiti wangu zilisomwa juani kabla ya kufunguliwa. Nilijua, na niliandika uongo."

Akaniuliza swali alilonifundisha mwenyewe.

"Ushahidi uko wapi, Restituta?"

"Unaongea naye."

Nikaanza kumweleza pale pale, tangu siku niliyosimama dirishani. Kila neno liliniuma ulimi, na sikuruka hata moja.